Masharti ya afya kwa wahamiaji: Mtwara na maingilio ya Mto Ruvuma

Masharti ya afya kwa wahamiaji ni vigezo vya kitabibu ambavyo nchi humtaka mgeni avitimize kabla ya kumpa haki ya kuishi humo, kwa muda au moja kwa moja. Katika mkoa wa Mtwara, hasa pwani inayoanzia Mikindani na Mtwara Mjini kupitia Msimbati hadi maingilio ya Mto Ruvuma, masharti haya yana nyuso mbili zisizofanana. Kwa anayeingia kutoka Msumbiji au kwingineko, ni sheria ya Tanzania, fupi na yenye kumwachia ofisa hiari kubwa. Kwa anayetoka kwenda kuhamia Marekani, Kanada, Uingereza au nchi za Kiarabu za Ghuba, ni sheria za huko aendako, ndefu na zenye kupima kila kitu, nazo humfanya msafiri wa Mtwara afunge safari ya takriban kilomita 560 hadi Dar es Salaam akapigwe picha ya kifua kabla hata hajajua kama viza itatoka.

Sheria ya Tanzania

Tanzania haimpi mgeni wa kawaida hadhi ya ukaazi wa kudumu kama ile ya Marekani au Kanada. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995 (Sura ya 54) inatambua vibali vya ukaazi vya daraja A kwa wawekezaji, B kwa waajiriwa, na C kwa wengineo kama wamisionari, watafiti, wanafunzi na wanaojitolea. Vyote vina ukomo. Wahandisi wa gesi ya Ghuba ya Mnazi na mafundi wa kiwanda cha saruji cha Dangote, kilichofunguliwa mwaka 2015, wanaishi Mtwara kwa vibali vya namna hiyo. Anayetaka kubaki bila kuhuisha karatasi hana njia nyingine ila kuomba uraia wa tajnisi.

Afya imewekwa katika kifungu cha 10, kile kinachoeleza nani ni mhamiaji asiyetakiwa (kwa Kiingereza prohibited immigrant), yule ambaye mitaani husemwa kuwa "kapigwa PI". Humo wamo mtu mwenye maradhi ya akili, mtu aliyekataa kupimwa na daktari baada ya kutakiwa kufanya hivyo, na mtu ambaye daktari amethibitisha kuwa ana ugonjwa wa kuambukiza unaofanya kuwepo kwake nchini kuwa hatari kwa jamii. Wamo pia fukara na waliowahi kutiwa hatiani kwa makosa makubwa. Kumweka mgonjwa, maskini na mhalifu katika orodha moja ni tabia ya sheria za uhamiaji za makoloni ya Uingereza, na Tanzania huru haikuiacha.

Hata hivyo, kifungu hicho ni chembamba kuliko kinavyosikika. Hakimlazimishi kila mwombaji wa kibali apimwe. Kinampa ofisa mamlaka ya kudai kipimo. Hakitaji majina ya magonjwa, bali kinadai mambo mawili kwa pamoja: ugonjwa uwe wa kuambukiza, tena uwe hatari kwa wengine. Kisukari, shinikizo la damu, figo mbovu au saratani havimo. Wala hakuna kigezo cha gharama, kwamba mgeni atakuwa mzigo kwa hospitali za umma, jambo ambalo kwingine duniani ndilo linalowazuia wengi. Kwa VVU, Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inapiga marufuku kumpima mtu kwa lazima isipokuwa katika mazingira machache, kama amri ya mahakama.

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 (Sura ya 357) inanyamaza kabisa kuhusu mwili. Mwombaji wa tajnisi anatakiwa awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na jumla ya miaka isiyopungua 7 katika miaka 10 iliyotangulia. Ajue Kiswahili au Kiingereza, na awe na tabia njema. Cheti cha daktari hakimo kwenye masharti hayo. Kwa hiyo afya ya mgeni inaweza kuulizwa anapoingia, lakini haiulizwi anapoomba kuwa Mtanzania.

Kwenye vivuko

Mpaka wa Tanzania na Msumbiji upande wa Mtwara una milango rasmi miwili mikuu. Kilambo, kusini mwa Mtwara Mjini, ni mahali pa kivuko cha mtoni. Mtambaswala, wilayani Nanyumbu, ndipo lilipo Daraja la Umoja lenye urefu wa mita 720, lililofunguliwa Mei 2010 na marais Jakaya Kikwete na Armando Guebuza; ng'ambo yake ni Negomano. Kati ya milango hiyo kuna mto mrefu, mitumbwi, na Wamakonde, Wamakua na Wayao wenye ndugu kingo zote mbili.

Wanaosimamia afya mpakani, bandarini na uwanja wa ndege ni maofisa wa afya wa Wizara ya Afya. Kazi yao huchanganywa mara kwa mara na masharti ya ukaazi, kumbe ni jambo jingine. Wao hulinda dhidi ya ugonjwa unaosafiri leo. Kifungu cha 10 kinahusu nani akae. Kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ni mfano mzuri. Tanzania huidai kwa msafiri atokaye nchi zenye hatari ya homa ya manjano. Msumbiji haimo katika kundi hilo, hivyo mfanyabiashara wa Palma anayevuka Kilambo hana sababu ya kudaiwa kadi kwa kuwa tu ametoka Msumbiji, ilhali aliyetoka Kongo anadaiwa, awe na kibali cha ukaazi au asiwe nacho. Tangu Julai 2016, kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, sindano moja inatambuliwa maisha yote. Virusi vya polio vya asili vilipogunduliwa Malawi na kisha Tete, Msumbiji, mwaka 2022, Tanzania haikujibu kwa kufungia watu vivuko bali kwa kampeni za matone kwa watoto wake.

Mwili uliovuka Ruvuma

Ruvuma haukuwa mpaka wa vipimo tangu mwanzo. Wajerumani waliishika Kionga, kusini mwa maingilio ya mto, mwaka 1894. Wareno waliichukua mwaka 1916 na kuthibitishiwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mtu wa Kionga aliyezaliwa mwaka 1890 alibadilishiwa tawala bila kuhama nyumba, na bila daktari yeyote kumkagua.

Enzi za Waingereza, Wamakonde wa ng'ambo, waliojulikana kama Wamavia, waliingia kwa wingi kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Lindi na Mikindani. Kipimo cha enzi hizo kilikuwa cha nguvu za mtu: aliyeandikishwa na mawakala wa ajira aliangaliwa kama ataweza kazi. Waliokwenda Wenela, yaani migodi ya Afrika Kusini, walipimwa kwa makini zaidi, kwa kuwa kifua kibovu kilikuwa hasara kwa mwajiri. Hapa ndipo mzizi wa mambo mengi ya leo ulipo, maana mgeni alipimwa kwa sababu ya faida atakayoleta zaidi ya hofu ya ugonjwa.

Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza Septemba 1964 mambo yaligeuka. Wakimbizi walivuka kuja Mtwara, Lindi na Songea, na makazi kama Rutamba yakaanzishwa. FRELIMO, chama kilichoongoza vita hivyo, ilifungua hospitali yake Mtwara, ikaipa jina la Américo Boavida, daktari wa Angola aliyeuawa vitani mwaka 1968. Majeruhi na wagonjwa waliletwa huko kutoka ndani ya Msumbiji. Kwa miaka ile kuumwa kulikuwa sababu ya kupokewa Mtwara, kinyume kabisa cha kifungu cha 10 kinavyosomeka. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba hiyo ndiyo historia ya kweli ya afya na uhamiaji kwenye mto huu: watu wengi zaidi wameuvuka wakifuata tiba kuliko waliokataliwa kwa ugonjwa. Hata baada ya mashambulizi ya Palma ya Machi 2021, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilipolalamika kwamba maelfu ya Wamsumbiji walikuwa wakirudishwa kwao kupitia Negomano, hoja haikuwa maradhi yao.

Wanaotoka

Kwa anayeondoka, ugonjwa mkubwa ni mmoja: kifua kikuu. Mwombaji haruhusiwi kupimwa na daktari amtakaye mwenyewe. Hospitali ya Ligula au ile ya Ndanda inaweza kumtibu, lakini cheti chake hakikubaliki ubalozini. Nchi inayompokea huteua madaktari wake, na kwa Tanzania kazi hiyo kwa sehemu kubwa imefanywa na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM) jijini Dar es Salaam. Nauli, malazi na ada ni juu ya mwombaji, ila kwa mkimbizi anayehamishwa kwa mpango maalumu.

Uingereza hudai cheti cha kifua kikuu kwa anayeomba kukaa zaidi ya miezi 6. Mwenye umri wa miaka 11 na kuendelea hupigwa eksirei. Mjamzito anaweza kuchagua kutoa makohozi badala yake. Cheti hudumu miezi 6. Kanada hupiga picha kuanzia umri wa miaka 11, na kuanzia miaka 15 huongeza vipimo vya damu vya kaswende na VVU. Marekani hupiga picha kuanzia miaka 15, huwapima damu watoto wa miaka 2 hadi 14 kutoka nchi zenye kifua kikuu kingi, na tangu sheria ya mwaka 1996 hudai chanjo kwa anayekwenda kuishi.

Picha ikiwa na doa, safari hugeuka kuwa ya kusubiri. Makohozi huchukuliwa siku tatu, kisha huoteshwa maabara, na jibu la uoteshaji laweza kufika wiki ya nane. Ugonjwa ukithibitika, kwa kawaida tiba ni miezi 6, na Marekani inataka mgonjwa ameze kila dozi mbele ya mhudumu. Ni wachache kati ya wanaopitia masharti hayo wanaojua kwamba sehemu ya utaratibu huo ilikomazwa Tanzania. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na daktari wa Kicheki Karel Styblo akishirikiana na Watanzania akauonesha ulimwengu kwamba tiba fupi yenye uangalizi wa karibu inawezekana hata kwenye zahanati za vijijini. Shirika la Afya Duniani liliubeba mkakati huo miaka ya 1990 kwa jina la DOTS. Muhimu kwa mwombaji ni kwamba kifua kikuu humchelewesha, hakimfungii. Akipona, faili lake hufunguliwa tena.

VVU vilikuwa na hukumu nzito zaidi. Marekani iliviweka katika orodha ya magonjwa ya kumzuia mhamiaji tangu miaka ya 1980 na kuviondoa Januari 4, 2010. Kanada hupima, lakini haimzuii mtu kwa kuwa na virusi peke yake. Huuliza gharama ya dawa. Sheria yake ya mwaka 2001 inaruhusu kumkataa mgeni ambaye matibabu yake yatazidi kiwango fulani, na mwaka 2018 kiwango hicho kiliongezwa mara tatu baada ya malalamiko ya familia zenye watoto walemavu. Wakimbizi na wenzi wa ndoa wa wakazi hawaguswi na kigezo hicho. Kukataa mtu kwa bei ya dawa zake ni hoja ya mhasibu iliyovishwa koti la daktari.

Pwani hii ina uhusiano wa mbali na kundi moja lililopitia vipimo hivyo kwa maelfu. Wabantu wa Somalia ni kizazi cha watu waliouzwa utumwani katika karne ya 19 kutoka Tanzania na Msumbiji za leo. Miongoni mwao wamo wenye asili ya Kimakua, Kiyao na Kimakonde. Walipokimbia vita vya Somalia hadi kambi za Dadaab, Kenya, Msumbiji ilifikiriwa kama nyumbani pa kuwarejesha, lakini ikashindikana. Baadhi ya wenye asili ya Kizigua walipokewa Chogo, Handeni, na kupewa uraia wa Tanzania. Kati ya waliobaki Kenya, Marekani ilikubali mwaka 1999 kuwachukua takriban 12,000. Walihamishiwa kambi ya Kakuma mwaka 2002, wakapimwa huko na IOM, na kuanza kusafiri mwaka 2003.

Ghuba ni habari nyingine. Oman na jirani zake hazimpi mfanyakazi ukaazi wa kudumu bali kibali kilichofungwa kwenye ajira, na kipimo cha afya hurudiwa kibali kinapohuishwa. Hupimwa kifua kikuu, VVU, homa ya ini B na C, kaswende, na kwa wanawake ujauzito. Aliyewahi kuugua kifua kikuu akapona, lakini kovu likabaki kwenye pafu, Uingereza humpa cheti makohozi yakiwa safi. Katika vituo vya Ghuba kovu hilohilo linaweza kumfanya aandikwe kuwa hafai.