Shaka ya Muuguzi: Bwera, Juni 2019

Mto Lhubiriha ndio mpaka, lakini watu wa Mpondwe na Kasindi hawajawahi kuutendea kama mpaka. Upande wa Uganda wanasema Lukonzo, upande wa Kongo wanasema Kinande, na wanaelewana bila mkalimani. Sokoni Kiswahili kinamalizia kilichobaki. Jumanne na Ijumaa, siku za soko la Mpondwe, maelfu huvuka na ndizi, kahawa, vitenge na samaki. Anayeona foleni ya darajani ni ndefu anajua njia za panya. Harusi na misiba huvuka vilevile, na kilomita chache tu kutoka darajani ipo Hospitali ya Bwera.

Kwa hiyo tarehe 1 Agosti 2018, Kongo ilipotangaza mlipuko wa Ebola huko Kivu Kaskazini, hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba Kasese, wilaya yenye Mpondwe na Bwera, ingekuwa lango. Novemba mwaka huo Uganda ilianza kuwachanja wahudumu wa afya kabla hata ya mgonjwa wa kwanza kuingia nchini. Kufikia Juni 2019 takriban wahudumu 4,700 katika vituo 165 walikuwa wamechanjwa. Bwera ikatengewa eneo la kutibia Ebola. Wauguzi wakafundishwa kuvaa mavazi ya kinga na, jambo gumu zaidi, kuyavua: wawili wawili, mmoja akimtazama mwenzake na kumsimamisha akikosea, hata kama anayesimamishwa ni daktari.

Woga wao ulikuwa na historia. Mwaka 2007 Ebola ya aina mpya iliibuka Bundibugyo, nyuma ya milima ya Rwenzori iliyo jirani, na miongoni mwa waliokufa alikuwemo Dk. Jonah Kule aliyekuwa akiwatibu wagonjwa. Kabla ya hapo kulikuwa na Gulu.

Habari ya Gulu inafaa kusimuliwa polepole. Oktoba 2000 Dk. Matthew Lukwiya aliitwa kutoka masomoni Kampala arudi Hospitali ya St. Mary's Lacor, kwa kuwa wanafunzi wa uuguzi walikuwa wameanza kufa. Alisoma mafaili, akaunganisha vifo, akatoa taarifa wizarani kabla maabara haijathibitisha lolote. Wodi ya kutenga wagonjwa ikafunguliwa. Wiki zikapita, wauguzi wakaendelea kuugua licha ya glavu na barakoa, na Novemba uvumilivu ukaisha: wafanyakazi wakakusanyika wakitaka kuondoka. Lukwiya hakuwatisha kwa barua za kufukuzwa kazi. Alikaa nao, akawasikiliza, akawaambia anayetaka kwenda aende, yeye atabaki. Wakarudi wodini.

Usiku mmoja wa mwezi huo muuguzi mgonjwa alichafuka kwa damu na kuanza kuhangaika. Lukwiya aliamshwa, akaenda amevaa karibu kila kitu isipokuwa kinga ya macho. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000. Mlipuko ule ulipata watu 425 na kuua 224. Binafsi naona Lacor ilifundisha mambo mawili yanayovutana: watu hubaki kazini kwa sababu ya kiongozi wanayemwamini, na uchovu wa saa za usiku haujali moyo wa mtu ni mkubwa kiasi gani.

Sasa turudi Kasese. Tarehe 9 Juni 2019 familia moja iliingia kutoka Kongo, ikiwa imetoka kumzika babu aliyekufa kwa Ebola. Walikuwa na mtoto wa miaka mitano, mgonjwa. Walimpeleka Hospitali ya Kagando, ya Kanisa la Uganda, ambako kila siku watoto huletwa na homa na kutapika, na mara nyingi ni malaria.

Hapo ndipo kila kitu kiliponing'inia. Kushuku Ebola kuna gharama. Wodi inatengwa, wagonjwa wengine wanakimbia, ndugu wanakasirika, damu inasafirishwa hadi taasisi ya virusi Entebbe, na majibu yakirudi hayana kitu, aliyepiga kengele ndiye anayenuniwa. Panapotawala mkubwa wa kufoka, muuguzi hujifunza haraka kuandika malaria, maana malaria haimgombanishi na mtu. Mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, aliliona hilo kwa njia ya ajabu kidogo. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1996, wodi zenye uongozi mzuri ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi ya dawa. Maelezo yake ni kwamba hazikuwa zikikosea zaidi kuliko nyingine. Watu wa wodi hizo hawakuogopa kusema.

Kagando walisema. Mtoto akahamishiwa Bwera, na tarehe 11 Juni Entebbe ikathibitisha Ebola, ya kwanza kuingia Uganda katika mlipuko ule. Alifariki. Bibi yake akafuata wiki hiyohiyo, kisha mdogo wake wa miaka mitatu, baada ya familia kurudishwa Kongo. Mwishoni mwa Agosti msichana wa miaka tisa alitambuliwa mpakani Mpondwe alipokuwa akipimwa, akapelekwa Bwera, naye akafa.

Chanjo ilisifiwa, na ilistahili. Lakini chanjo haimtambui mgonjwa mlangoni. Tazama Mubende, Septemba 2022: virusi vya aina ya Sudan, visivyo na chanjo iliyoidhinishwa, viligunduliwa vikiwa vimeshasambaa, na madaktari wa mafunzo wa hospitali ya Mubende wakagoma wakidai mavazi ya kinga na posho. Kabla mlipuko ule haujatangazwa kwisha Januari 2023, wahudumu wa afya 19 walikuwa wameambukizwa na 7 kati yao wamekufa. Sioni haki kuwalaumu waliogoma. Ugomvi wa glavu ulipaswa kumalizwa kabla mgonjwa hajafika.

Mwaka 2019 Uganda ilithibitisha wagonjwa wanne wa Ebola, wote kutoka ng'ambo ya mto. Hakuna muuguzi hata mmoja wa Kagando wala wa Bwera aliyeambukizwa.