Chuo, Skuli na Mzazi: Sura Iliyosahaulika ya Elimu ya Umma Zanzibar

Historia ya elimu ya umma Zanzibar imezoeleka kusimuliwa kwa sura mbili: Waingereza walianzisha, Mapinduzi yakaeneza. Usimulizi huo unamwacha nje mzazi, na kwa maoni yangu mzazi ndiye aliyeamua, kipindi baada ya kipindi, skuli ya Serikali ijae au ibaki tupu.

Idara ya Elimu ilipoundwa mwaka 1907, chini ya S. Rivers-Smith, Unguja na Pemba zilikuwa na mfumo wao wa kusomesha tangu zamani. Mitaani na mashamba palikuwa na vyuo vya Kurani. Mtoto alikaa mkekani, juzuu mbele yake, akisoma kwa sauti pamoja na wenziwe huku wakubwa wakiwasikiliza wadogo na kuwasahihisha. Mzazi alimpa mwalimu alichojaaliwa, na siku mtoto alipohitimu nyumba nzima ilifurahi. Skuli mpya ikaja kugombania saa zilezile za mtoto yuleyule. Wazazi wengi wa mashamba walikataa. Walihofia watoto wao kutolewa katika dini, kwani skuli za Kizungu walizozisikia zilikuwa za wamisheni. Tena msimu wa karafuu ulihitaji kila mkono. Baadhi ya skuli za mashamba zilifungwa kwa kukosa wanafunzi. Si haki kuyaita hayo ujinga au ukaidi. Ilikuwa hukumu ya watu waliokwisha kuwa na taasisi waliyoiamini, na waliotakiwa waiache bila kuulizwa.

Mambo yalibadilika Serikali ilipokubali kuisomesha Kurani ndani ya skuli na kuwapa walimu wa vyuo nafasi humo. Kufikia miaka ya 1940 upinzani wa mashamba ulikuwa umelegea sana. Njia hiyohiyo ilitumika kwa wasichana: skuli yao ya kwanza ya Serikali, iliyofunguliwa mjini mwaka 1927, iliwapata wanafunzi kwa kuwa wazazi walihakikishiwa dini na stara.

Kwa hiyo Rais Abeid Amani Karume alipotangaza elimu bila malipo tarehe 23 Septemba 1964, tamko lake liliangukia kwa watu waliokuwa tayari. Ukubwa wa tamko lile haupungui kwa kusema hivyo. Sekondari ya Serikali iliyoanza mwaka 1935 ilikuwa na nafasi chache, na mtoto wa mkulima alikuwa nadra kuifikia. Mapinduzi ndiyo yaliyomfungulia mlango. Atakayesema kwamba kuondolewa ada peke yake ndiko kulikojaza skuli itampasa aeleze kwa nini, nusu karne kabla yake, wazazi walizikataa skuli kwa sababu ambazo hazikuhusu fedha. Hata elimu ya maandalizi imepita njia hiyo: mpango wa kuwafundisha watoto wadogo ndani ya madrasa, ulioanza Mombasa katika miaka ya 1980 na kufika Zanzibar mwaka 1990, ulipokewa vizuri kwa sababu uliwakuta wazazi mahali walipo.

Nayaandika haya kwa kuwa suala limerudi. Kwa miaka mingi uhaba wa madarasa umelazimisha skuli kwenda kwa mikondo, asubuhi na jioni, na nusu ya siku iliyobaki ikawa ya chuo. Sasa skuli za ghorofa zinajengwa Unguja na Pemba ili mikondo ipungue. Ni hatua njema, niliyoitamani kwa muda mrefu. Lakini mtoto akishinda skuli kutwa, chuo kitabakiwa na saa gani? Elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano. Uamuzi umo mikononi mwa Wazanzibari wenyewe. Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali iwaite walimu wa vyuo na kamati za wazazi sasa, kabla ya ratiba mpya kupangwa.