Jaguar ya 1961 na Camry ya 2018: Kipi Kilicholeta Maendeleo?

Mwezi Machi 1961, kampuni ya Jaguar ya Uingereza ilizindua gari lake la E-Type mjini Geneva. Lilikuwa gari la spoti lenye viti viwili na boneti ndefu, ambalo umbo lake lilikokotolewa na Malcolm Sayer, mtaalamu aliyetokea katika uundaji wa ndege. Injini yake ya lita 3.8 ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 265, na mwendo wake wa juu kuwa kilomita 240 hivi kwa saa. Kwa mtu wa kawaida wa enzi hiyo, hicho kilikuwa chombo cha kutazamwa tu.

Tuliweke kando ya Toyota Camry ya 2018, gari la familia ambalo halimgeuzi mtu shingo barabarani. Camry ya silinda 6 ina nguvu za farasi 301, hubeba watu 5 pamoja na mizigo yao, na ina mifuko ya hewa 10. E-Type haikuwa na hata mmoja. Nguvu iliyokuwa fahari ya tajiri leo iko mikononi mwa mzazi anayewapeleka watoto shuleni.

Tukisema kwamba haya yote yameletwa na teknolojia, tutakuwa tumesema nusu ya ukweli. Nguvu za injini zilikuzwa na ushindani wa soko. Usalama ulibidi upiganiwe. Mkanda wa usalama unaoshika bega na kiuno ulibuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na kampuni hiyo ikawaruhusu washindani wake kuutumia. Hata hivyo, Uingereza ilisubiri hadi 1983 kuwalazimisha watu wa viti vya mbele kuufunga. Nchini Marekani, Ralph Nader alichapisha mwaka 1965 kitabu kilichowashutumu watengenezaji kwa kupuuza uhai wa abiria. Mwaka uliofuata Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya usalama wa magari.

Hapo ndipo historia hii inapotugusa. Sehemu kubwa ya magari madogo ya Afrika Mashariki yalikwisha kutumika Japani kabla ya kutufikia. Tunapoyanunua, tunanunua pia matunda ya madai ya raia wa nchi nyingine. Sisi nasi tuna mifano yetu: mwaka 2004 Kenya, chini ya Waziri John Michuki, ililazimisha matatu kuwa na mikanda na vidhibiti mwendo. Lakini sheria huandikwa mara moja, na ukaguzi ni kazi ya kila siku. Mkanda uliokatika na kuachwa vivyo hivyo huirudisha gari ya leo katika mwaka 1961, bila ule uzuri wa E-Type.

Mtumishi wa umma anayekagua gari, na mwanaharakati anayemdai akague, ndio warithi wa historia hii. Mhandisi peke yake hatoshi.