Neno "Bitter" Lilipokuwa na Meno

Wasikilizaji wetu, leo tulitazame neno la Kiingereza "bitter". Wengi wenu mwalijua kwa uchungu wa kwinini au mwarobaini. Lakini asili yake si ladha, ni meno. Katika Kiingereza cha kale, kabla Wanormani hawajaiteka Uingereza mwaka 1066, lilikuwa "biter", nalo ni ndugu wa "bite", yaani kuuma. Kitu kikatacho pia kiliitwa hivyo. Katika utenzi wa Beowulf, ambao hati yake ina umri wa miaka kama elfu moja, kisu alichompasulia joka yule shujaa chasifiwa kwa neno hilo hilo, wala hapana aliyekionja!

Basi mkisoma "bitter cold", ni baridi kali, ile iumayo. Nasi twasema kisu kikali, siki kali. Tena uchungu wetu una njia zake: mama aliyeshikwa na uchungu hakuonja kitu.

Mfasiri na aangalie hapo. Shahidi akisema barazani kwamba mtu alitamka "bitter words", nawe ukaandika "maneno machungu", hakimu aweza kudhani mtu yule alikuwa na huzuni, kumbe alikuwa na chuki. Andika "maneno makali".