Seli Walizoziita Gundi

Unamjua yule nzi mdogo mwenye macho mekundu anayezunguka ndizi zikishaiva kupita kiasi? Pita sokoni Sigor, utampata juu ya matunda yaliyobondeka. Huyo ni nzi wa matunda, Drosophila melanogaster. Asili yake ni Afrika. Aliwafuata binadamu na chakula chao mpaka akaenea dunia nzima. Leo tuongee historia ya mfumo wake wa neva, kwa sababu ndiyo iliyovunja uongo mmoja wa zaidi ya miaka 100.

Uongo wenyewe ulianzia kwenye jina. Mwaka wa 1856 daktari Mjerumani, Rudolf Virchow, alikiita kitu kilichojaa katikati ya neva neuroglia, yaani gundi ya neva. Jina likashika. Niuroni, seli zinazopitisha habari, zikawa mastaa. Mwaka wa 1906 Camillo Golgi na Santiago Ramón y Cajal walipewa Tuzo ya Nobel pamoja, na hata siku hizo za tuzo hawakukubaliana kuhusu niuroni. Glia zikabaki gundi. Na ukishaitwa gundi, nani atakuuliza kazi yako?

Nzi naye aliingia maabara mapema. Mwaka wa 1910 Thomas Hunt Morgan, kule New York, alipata nzi mwenye macho meupe, na kutoka hapo mdudu huyu akawa mwalimu wa jeni. Ni rahisi kumlisha, na kutoka yai mpaka nzi mzima ni kama siku 10. Funza wake hutoka kwenye yai baada ya siku moja hivi, akiwa tayari na neva za kutambaa na kula. Sasa, nani anapanga hizo nyaya zote ndani ya siku moja?

Jibu lilianza kuonekana mwaka wa 1993. Maabara ya Corey Goodman, California, ilieleza nzi wenye jeni mbovu. Aksoni zao, ile mikono mirefu ya niuroni, zilivuka mstari wa katikati ya mwili, zikarudi, zikavuka tena, kama matatu imekwama kwenye raundabauti. Jeni hiyo ikaitwa roundabout, kwa kifupi Robo. Kufikia 1999 sababu ilijulikana: glia zilizo kwenye ule mstari hutoa protini iitwayo Slit, inayozifukuza aksoni zenye Robo. Protini nyingine, Netrini, huzivuta aksoni zinazotakiwa kuvuka. Kumbe gundi ndiyo trafiki!

Katikati ya hapo, mwaka wa 1995, watafiti wa Japani na Marekani walieleza jeni inayoitwa gcm. Bila hiyo, seli zilizotakiwa kuwa glia, ukiondoa zile za mstari wa katikati, karibu zote hugeuka kuwa niuroni. Mastaa watupu! Ungedhani nzi huyo atakuwa na akili kuliko wenzake. Wapi. Njia za aksoni huvurugika na anafia ndani ya yai.

Lakini pia tusizigeuze glia kuwa mastaa wapya. Glia za mstari wa katikati huzaliwa nyingi kuliko zinazohitajika, na zinazobaki hai ni zile zinazopata ishara kutoka kwa niuroni. Nyingine hufa. Kwa hivyo anayeonyeshwa njia ndiye anayemweka hai anayemwonyesha. Na sisi binadamu tuna jeni za ukoo huo huo wa Slit na Robo, zinazosaidia kuongoza neva zetu.

Hata hivyo tabia ya zamani haijaisha. Mwaka wa 2024 ramani ya ubongo mzima wa nzi ilitangazwa, na idadi iliyoenea kila mahali ilikuwa ya niuroni: kama 139,000. Glia hazikupata kichwa cha habari.

Mimi niliacha chuo, na nimesikia sana kwamba sayansi ni ya watu wa mbali wenye mashine kubwa. Lakini tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, warsha za kufundisha utafiti kwa kutumia nzi huyu zimefanyika Ishaka, Bushenyi, magharibi mwa Uganda, katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, chini ya TReND in Africa na DrosAfrica. Walimchagua kwa sababu ni bei rahisi kumfuga.

Maoni yangu ni haya: jina baya linaweza kuchelewesha ukweli karne nzima, kwa sababu watu huacha kuuliza. Huku kwetu kwenye majani chai tunajua vizuri jina la kampuni kwenye pakiti kuliko jina la aliyechuma. Kabla hujamwita mtu, kazi au mji wako gundi, uliza kwanza: akiondoka, nani atapotea njia?