Habari za Mpira na Mafuta Yaupenyayo

Watu wengi hudhani ya kuwa mpira haupenyeki, kwa sababu wauona ukizuia maji. Lakini tukitia kipande cha mpira wa baiskeli ndani ya petroli, kesho yake twakikuta kimevimba na kulegea. Petroli imeingia ndani. Siri hii ilijulikanaje?

Hapo zamani utomvu wa mpira ulifika Ulaya kutoka Amerika ya Kusini umekwisha kauka, wala haukufaa kufinyangwa. Mwaka 1768 Mfaransa Pierre Macquer aliuyeyusha kwa etha, lakini etha ilikuwa ghali. Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Glasgow alitumia nafta, mafuta yatokayo katika lami ya makaa ya mawe. Akaupaka mpira ulioyeyuka kati ya vitambaa viwili, akapata nguo ya mvua. Walakini nguo hiyo ilinata wakati wa joto, na wakati wa baridi ilikakamaa.

Ndipo Charles Goodyear wa Marekani akahangaika miaka mingi, hata akafungwa kwa ajili ya madeni. Mwaka 1839 aliona ya kuwa mpira uliochanganywa na unga wa kiberiti, ukipata moto mkali, haunati tena. Akafa mwaka 1860 akiwa mdeni bado, na wengine wakatajirika kwa kazi yake.

Mpira huo hauyeyuki tena, ila huvimba. Kwa nini? Mpira ni nyuzi ndefu mno zisizoonekana kwa macho. Kiberiti huzifunga pamoja kama mafundo ya wavu. Mafuta huingia katikati na kuutanua wavu, mpaka mafundo yakatae. Mwaka 1943 Paul Flory na John Rehner walionyesha kwa hesabu jinsi uvimbe unavyotupa idadi ya mafundo. Tena, kwa kanuni aliyoitoa Adolf Fick mwaka 1855, unene ukiwa mara mbili, safari ya mafuta huchukua muda mara nne.

Katika miaka ya 1930 Wajerumani walitengeneza mpira wa nitrili, ambao petroli haiupendi. Lakini ukichanganywa na mpira wa mti, petroli hupita palipo na ule wa mti. Na kama sehemu hizo zimeungana toka upande huu hata upande wa pili, mafuta yamekwisha pata njia. Basi fundi asitazame wingi wa nitrili tu, atazame na jinsi ilivyokaa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.