Caravelle (katika OpenTTD)

Caravelle ni ndege ya jeti ya safari fupi kutoka Ufaransa, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1955 na kuanza kubeba abiria mwaka 1959. Ni ndege nzuri kuitazama: injini mbili zimebandikwa ubavuni karibu na mkia, madirisha yana umbo la pembetatu, na ngazi hushuka chini ya mkia.

OpenTTD, mchezo wa kompyuta wa mwaka 2004, unafuata nyayo za Transport Tycoon ya Chris Sawyer (1994), ambayo ndege zake zilipewa majina ya kubuni. Ndege halisi kama Caravelle huletwa mchezoni na faili za nyongeza zinazochorwa na wachezaji wenyewe.

Kwa ndege ya aina hii mchezoni, kiwanja cha ndege ndicho jambo la kuangalia. Nauli huhesabiwa kwa umbali na muda, hivyo kasi ya jeti ina faida kubwa. Lakini jeti ikitua kwenye kiwanja kidogo, hatari ya kuanguka hupanda sana. Mchezaji mwenye haraka hupoteza ndege nzima, moshi ukitanda juu ya njia ya kurukia. Kwanza jenga kiwanja kikubwa, ndipo ununue jeti.